Bustani za Barghash na Pembe Zilizopita Ujiji

Ukitoka mjini Zanzibar kuelekea Bububu, kilomita kama nne tu, upande wa kushoto kwenye bahari utakuta nguzo nene zimesimama bila paa. Pembeni yake kuna miembe mikubwa, mabirika ya maji yenye mayungiyungi, na mabaki ya mabafu ambayo marumaru yake yalishaondolewa zamani. Hapa ndipo Maruhubi, kasri alilojenga Sultani Barghash bin Said kati ya mwaka 1880 na 1882. Nyumba yenyewe ilidumu miaka 17 tu. Iliungua mwaka 1899.

Mwongoza watalii atakusimulia habari ya masuria 99 na mke mmoja. Ni hadithi inayouzika, na watalii wanaipenda. Lakini mimi ni mtu wa Kasulu, na nikitazama zile nguzo swali langu huwa jingine: hela ilitoka wapi? Na nikifuata ile hela najikuta narudi nyumbani, Ujiji, Uvinza, kwenye mipaka ya Buha. Kwa hiyo makala hii ni ya mfalme aliyependa majumba, muziki, vitabu na bustani, na ni ya sisi wa bara tuliokuwa upande wa pili wa kamba bila kualikwa kwenye kivuli cha miembe yake.

Kijana aliyepelekwa Bombay

Barghash hakuzaliwa kwenye foleni ya mbele. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Oman, alifariki mwaka 1856 akiacha watoto wengi, na kiti cha Zanzibar kikaenda kwa Majid. Mwaka 1859 Barghash akajaribu kukichukua. Dada yake Salme, ambaye dunia inamjua kama Emily Ruete, alikuwa mwandishi wa barua za njama hiyo, na katika kitabu chake cha mwaka 1886 anasimulia jinsi walivyomtorosha Barghash kwenye nyumba iliyozingirwa akiwa amevishwa mavazi ya kike. Jaribio likashindwa baada ya Waingereza kumsaidia Majid. Barghash akapakiwa melini na kupelekwa Bombay.

Kwa wengi uhamisho ni adhabu, na kwake pia ulikuwa adhabu. Lakini kwa miaka kama miwili kijana yule aliishi kwenye mji mkubwa wa kibiashara, wenye majengo ya kisasa, matbaa na bustani za umma. Aliporudi alikaa kimya. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akawa Sultani, na kichwani alikuwa tayari ana picha ya mji anaoutaka.

Tatizo ni kwamba alianza vibaya, tena si kwa kosa lake. Zanzibar ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilichoua maelfu. Aprili 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Waingereza wakamtishia kuuzingira mji kwa manowari mpaka akasaini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini na kufunga soko la watumwa la mjini. Miaka mitatu ya utawala, mapigo matatu.

Mwaka 1875 akaenda Uingereza. Akapokewa na Malkia Victoria, akatembezwa, akaonyeshwa viwanda na bustani kubwa za kifahari. Waliomkaribisha walitaka aone nguvu zao. Yeye, nadhani, alikuwa anachukua vipimo.

Maji, kivuli na ukuta

Tusidhani Barghash alibuni kila kitu. Alikulia kwenye familia iliyojua bustani. Kasri la Mtoni, alikozaliwa Salme mwaka 1844, lilikuwa na ua mkubwa ambamo tausi, paa, mbuni na korongo walitembea huru. Salme anaukumbuka ua ule kwa mapenzi kuliko karibu kitu kingine chochote. Kule Kidichi juu ya kilima, Sayyid Said alijenga mabafu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrazad, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, na kuta za ndani zikapambwa kwa lipu iliyochongwa maua na ndege. Kwa familia ya Kiibadhi iliyozoea majengo yasiyo na mapambo mengi, ule ulikuwa ujasiri.

Barghash akaongeza ukubwa. Chukwani, kusini mwa mji, akajenga kasri la kupumzikia penye upepo wa bahari. Maruhubi akaweka kasri lenye roshani pana zilizobebwa na zile nguzo tunazoziona leo, mabafu, mabirika ya mayungiyungi, njia za maji za mawe, miembe inayosemekana ililetwa kutoka India, na ukuta mrefu kuzunguka eneo lote. Inasemekana wazo la ukuta ule alilipata kwenye bustani za Kiingereza.

Halafu mwaka 1883, mbele kabisa ya mji, ikasimama Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu. Haikuwa nyumba ya kulala, ilikuwa ya sherehe na mapokezi. Ilikuwa na nguzo za chuma, milango iliyonakshiwa aya za Kurani, na baadaye taa za umeme na lifti, vitu ambavyo ukanda huu wote haukuwa navyo. Meli yoyote iliyoingia Zanzibar iliona jengo lile kabla ya kuona kitu kingine. Ujumbe ulikuwa wazi: huyu hapa ni mfalme, ana nchi, ana mashine, msimchukulie kama machifu mnaowasainisha mikataba kwa chupa za pombe.

Na huko nyuma, ambako meli haioni, akafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko lifti. Alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi ya Chemchem, upande wa Bububu, mpaka mjini, na wakazi wakayapata bure. Mji uliokuwa umezika maelfu kwa kipindupindu miaka michache nyuma ukapata maji safi. Wazee wa Zanzibar walilisimulia hili kwa shukrani miaka mingi baada ya kasri kuungua.

Pembe zilizopita Ujiji

Sasa turudi kwenye hela.

Sultani wa Zanzibar alikula kwenye forodha. Bidhaa ikiingia au kutoka bandarini, inalipiwa ushuru, na kazi ya kukusanya ushuru huo ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi. Miaka ya Barghash jina kubwa lilikuwa Taria Topan. Karafuu zilikuwa na sehemu yake, lakini baada ya kimbunga cha 1872 Unguja ilihitaji miaka mikarafuu mipya ikue. Pembe za ndovu hazikungoja mti ukue. Zilitoka bara, na kila mwaka wawindaji na wafanyabiashara walizidi kwenda mbali, kwa sababu tembo wa karibu walishaisha.

Njia kuu ilikuwa Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha kuvuka ziwa mpaka Manyema, Kongo ya leo. Kutoka pwani mpaka Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na mzigo wote ulisafiri kichwani na begani. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliolipwa. Lakini msafara huohuo uliobeba pembe mara nyingi uliswaga pia watu waliofungwa, wengi wao kutoka Manyema. Ujiji ndiyo ilikuwa mlango. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, mkubwa wa wafanyabiashara wa pale, Mwinyi Kheri, akapewa bendera ya Sultani aipandishe. Angalia tarehe hizo: wakati bendera inapanda Ujiji, mafundi wanasimamisha nguzo za Maruhubi.

Na sisi Waha tulikuwa wapi? Hapa historia inanifurahisha kidogo, maana hatukuwa tumekaa tu. Falme za Buha, Heru iliyo Kasulu ya leo na Muhambwe iliyo Kibondo ya leo, hazikuwa njia rahisi ya msafara. Watawala na watwale wao walidai hongo. Siku hizi neno hongo lina harufu mbaya, mtu akilitaja unafikiria TAKUKURU. Lakini zamani lilikuwa ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya watu. Mwaka 1871 Henry Stanley, akimtafuta Livingstone, aliingia Buha na vitambaa vyake. Alidaiwa hongo kituo baada ya kituo mpaka akaona atafika Ujiji mikono mitupu. Mwisho akaamua kutoroka usiku, kimyakimya, kupitia porini. Ameandika hayo mwenyewe kwa uchungu mwingi. Kwake Waha walikuwa wanyang'anyi. Barghash pale forodhani kwake alifanya kazi ileile, akaitwa Mtukufu.

Misafara mingi ikajifunza kupita kusini, upande wa Uvinza kwenye chumvi. Kwa hiyo Buha haikuchangia bustani za Maruhubi kama Manyema ilivyochangia, kwa watu wake wenyewe. Tulichota kidogo kwenye mkondo ule kisha ukatuzunguka. Jirani zetu walilia zaidi yetu, na ni haki kulisema hilo.

Kulikuwa na tofauti nyingine. Ufahari wa mwami wa Heru ulikuwa ng'ombe. Aligawa ng'ombe, na aliyepewa akawa mtu wake. Nyumba ilikuwa ya miti na nyasi, inaoza na kujengwa tena. Ndiyo maana anayekwenda Heru Juu leo, alikotawala Mwami Theresa Ntare miaka ya mwisho ya ukoloni, hakuti nguzo za karne ya 19 za kupigia picha. Hii isitufanye tuamini kwamba wafalme wetu hawakujua uzuri. Waliuweka mahali pengine, kwenye pembe za ng'ombe na kwenye uhusiano wa watu, vitu ambavyo havibaki kuwa magofu.

Mfalme wa China na mizinga ya Ulaya

Yupo mfalme mwingine ambaye habari zake zinatusaidia kumpima Barghash, na huyo alikuwa tajiri mara nyingi zaidi. Ni Qianlong wa China, aliyetawala kuanzia mwaka 1735 hadi 1796. Qianlong alikusanya michoro na kuigonga mihuri yake, aliandika mashairi zaidi ya 40,000, na aliagiza vitabu vya nchi nzima vinakiliwe kwenye mkusanyo mmoja mkubwa, huku vile asivyovipenda vikichomwa moto. Kaskazini-magharibi mwa Beijing alipanua bustani ya Yuanmingyuan aliyoirithi kwa baba na babu yake: maziwa ya kuchimba, vilima vya kutengeneza, mamia ya majengo. Kwenye kona moja akataka majumba ya Kizungu. Wajesuiti waliokuwa kwenye baraza lake, Giuseppe Castiglione mchoraji na Michel Benoist mjenzi wa chemchemi, wakamjengea. Palikuwa na chemchemi ya wanyama 12 wa kalenda ya Kichina, kila mnyama akitema maji kwa zamu yake, hivyo ukimtazama anayetema unajua ni saa ngapi.

Qianlong hakuhitaji kumwonyesha Mzungu kitu. Alicheza na vitu vya Ulaya kama tajiri anavyocheza na saa mpya. Barghash alivihitaji. Lifti, taa, mnara wa taa bandarini, meli ya kivita Glasgow aliyoijengesha Uingereza mwaka 1878, vyote vilikuwa hoja katika kesi anayoisikiliza hakimu wa Ulaya. Lakini mwisho wao ulifanana. Oktoba 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora Yuanmingyuan, kisha Lord Elgin akaamuru ichomwe moto. Aliyekujengea chemchemi na aliyekuletea moto walitoka bara moja.

Kwa Barghash kesi iliamuliwa akiwa hai. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya mikataba. Agosti 1885 manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele ya kasri, na Salme, dada yake waliyekosana, akaja na msafara huohuo. Barghash hakumpokea. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wakapima: Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Yale mengine yote, pamoja na barabara ya Ujiji iliyomlipia majumba, yakawa ya wengine. Alifariki Machi 1888.

Halafu ikaja zamu ya nyumba. Tarehe 27 Agosti 1896 mtoto wake, Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ruhusa ya Waingereza, akapigwa mizinga. Dakika 38 hivi. Beit al-Hukm ikabomoka, Glasgow ikazama bandarini, na watu wapatao 500 wa upande wa kasri wakauawa au kujeruhiwa. Beit al-Ajaib ikaponea, ikaongezewa mnara wa saa. Miaka mitatu baadaye Maruhubi ikaungua.

Kilichovuka ukuta

Sasa tuhesabu kilichobaki. Majumba aliyoyazungushia ukuta yamekwisha, au yanakwisha. Lakini baadhi ya mambo yake yalitoka nje ya ukuta, na hayo yana maisha mengine kabisa.

Maji nimeshayataja. Kuna matbaa: mwanzoni mwa miaka ya 1880 Barghash alianzisha mashine ya kuchapa mjini Zanzibar, ikatoa vitabu vya sheria na elimu vya Kiibadhi vilivyosomwa Oman na hata Afrika ya Kaskazini. Mwanachuoni wa kisiwa chetu kidogo aliweza kusomwa kwenye jangwa la Algeria, na wa Algeria akachapwa Zanzibar. Kwa mfalme aliyekuwa ananyang'anywa ardhi, huo ulikuwa ufalme wa aina nyingine.

Kuna taarab. Masimulizi ya wenyewe yanasema Barghash alileta wanamuziki kutoka Misri wamtumbuize, kisha akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni. Mwanzoni ulikuwa muziki wa kasri, wa Kiarabu, wa walioalikwa. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa. Na kisha akatokea Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, wa familia iliyotoka utumwani, akaimba kwa Kiswahili mambo ya mtaani: waume, mahakama, wanyonge wanaoonewa. Mwaka 1928 akaenda kurekodi Bombay, mji uleule aliofungiwa Barghash. Mtoto wa waliolima mashamba ya mabwana aliuchukua muziki wa mabwana akautoa sebuleni, na leo hakuna harusi ya Kigoma mjini isiyogusa taarab kwa namna fulani.

Na kuna miembe. Watu wa pwani waliokwenda Ujiji walikwenda na mbegu, na miembe ya Ujiji ni kumbukumbu ya njia ile. Pale penye mnara wa Livingstone inaoneshwa miembe inayotajwa kuwa ni vizazi vya ule uliowafunika yeye na Stanley. Wapagazi walipumzika chini ya miti kama ile, na waliofungwa minyororo pia. Mtoto anayeokota embe pale leo halipi hongo kwa mtu.

Sisemi kwamba yaliyobaki yanafuta yaliyotendeka. Bomba la maji lililipiwa kutoka sanduku lilelile lililolipia mabafu ya masuria, na sanduku lile lilijaa kwa mabega ya watu. Wanawake waliokaa nyuma ya ukuta wa Maruhubi wengi hawakuchagua kukaa pale. Ukiisifu bustani bila kuwataja, umemaliza nusu ya kazi tu.

Tukijenga upya, tuandike nini?

Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati uliofadhiliwa na Oman, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili wakafariki. Tangu hapo mjadala wa kulirudisha jengo umekuwa ukiendelea, na kwenye mjadala huo nimesikia sauti mbili. Moja inasema jengo ni fahari yetu, lirudi kama lilivyokuwa. Nyingine inasema, eti lile ni jumba la mabwana wa watumwa, acha life.

Mimi nasema lirudi. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini hiyo siyo sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba lile jengo ni letu sisi wa bara pia, kwa maana ya hesabu: tulilichangia. Ukiliacha life, umefuta risiti.

Lakini likirudi, lisirudi na maandishi yaleyale ya lifti ya kwanza na taa za kwanza. Pawepo chumba cha njia. Pawekwe ramani ya Bagamoyo, Tabora, Ujiji na Manyema. Lielezwe pembe la ndovu lilibebwaje na nani, hongo ilitozwa wapi, na nani hakurudi kwao. Na huku kwetu, Ujiji, mahali ambapo mgeni husomewa habari za wazungu wawili waliosalimiana chini ya mwembe, wekeni sentensi moja tu ya nyongeza: kwamba mali iliyopita hapa ilijenga jumba Zanzibar. Mwanafunzi wa Kasulu akilisoma hilo Ujiji, siku akifika Forodhani atajua anachokitazama.